Mtoto umemuuza bei gani?

SWALI: Mimi ni mkalimani huku Columbus, Ohio. Nimeletewa barua ya bima iliyotafsiriwa hivi: "Meneja wa Faida za Famasi ndiye ataamua marejesho." Mzee niliyemsomea aliniuliza, "Faida? Kwani nimeuza nini?" Nimjibuje?

JIBU: Mzee yuko sawa kuliko mtafsiri. Famasi naisamehe, kila mtaa unayo. Meneja naye apite. Linalonichemsha ni hiyo faida, iliyowekwa mahali pa "benefit" ya Kiingereza.

Neno lilitoka Uarabuni zamani, likawa letu, na kwenye "faida za kula mchicha" sina ugomvi nalo. Lakini anachostahili mwanachama wa bima au mfuko ni mafao, neno lililozaliwa na kufaa. Mama anayenunua tenga la nyanya kwa 30,000 na kuliuza kwa 38,000 amepata faida. Akijifungua, mfuko wake ukamlipa, hilo ni fao la uzazi. Hebu mwambie amepata "faida ya uzazi" uone kama hatakuuliza mtoto amemuuza bei gani. Na mstaafu anayepanga foleni tangu alfajiri anafuatilia mafao. Akisema faida, watamtafutia leseni ya biashara.

Cha kuchekesha, mtafsiri wako kabahatisha ukweli. Hao "mameneja" ni madalali kati ya bima na duka la dawa. Mwaka 2018 mkaguzi wa hesabu wa jimbo lenu alionyesha kwamba katika Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, pengo kati ya walichoitoza bima na walichoyalipa maduka ya dawa lilifika dola milioni 224.8 kwa mwaka mmoja. Hiyo ni faida kamili, ya tenga la nyanya, ila mama wa nyanya tenga analibeba mwenyewe.

Marejesho nayo! Kwetu ni ya mkopo, na mfamasia hakukopa. Sema kurudishiwa gharama. Ndicho jimbo la Arkansas lilichodai katika sheria yake ya 2015: duka lisilipwe chini ya bei liliyonunulia dawa. Madalali wakapinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa 2020, majaji wanane kwa sifuri.

Kwa hiyo andika "msimamizi wa mafao ya dawa." Ukiandika "dalali wa dawa" barua haitapita, ingawa mzee ataielewa mara moja nami nitacheka peke yangu.