Kabla hujaifuta Windows, jua kwanza barua zako zinalala wapi

Nianze na mama mhasibu wetu maana yeye ndo alinifunza hii kazi. Ilikuwa Ijumaa jioni, ofisi yetu ndogo tu hapa Area D Dodoma, nishamwekea Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows) kwenye leptopu yake, nimefungua Thunderbird, programu ya kusomea imeili, imeili zinaingia, nikajipiga kifua. Akakaa, akashusha miwani puani, akaanza kuskroli. Akafika chini. "Mwanangu, mbona zinaishia wiki mbili? Za mwaka jana ziko wapi? Na zile za mkaguzi?" Nikamwambia subiri mama, zinashuka, neti iko slo. Nikatoka nje nikapigwa na vumbi kidogo, nikarudi, bado wiki mbili. Hapo kijasho chembamba kikaanza.

Tulihama kwa sababu ambayo wengi mnaijua. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya bure 14 Oktoba 2025, na leptopu zetu ni za zamani, Intel kizazi cha sita, wakati Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane na kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Bosi akasema hela ya mashine mpya haipo, kaka wewe si unajuajua, tafuta njia. Nikaanza na ya kwangu, ikakubali ndani ya nusu saa, nikaandika anwani na paswedi tu barua zote za miaka yote zikarudi na mafolda yake. Nikadhani na za wengine zitakuwa hivohivo. Kumbe mimi nilikuwa IMAP, na mama mhasibu alikuwa POP tangu enzi za fundi aliyetangulia.

Kwa asiyejua, POP ni kama mtu anayeenda posta, anabeba barua zote anazipeleka nyumbani anazifungia kabatini, sanduku kule linabaki tupu. IMAP unazisoma palepale posta, na kila mwenye ufunguo anaziona zilezile, iwe simu, iwe leptopu, iwe mashine mpya. Outlook, ile programu ya imeili ya Microsoft aliyokuwa anatumia mama kwenye Windows, ukiiwekea POP kwa kawaida inaacha nakala kwenye seva siku 14 halafu inafuta. Ndo zile wiki mbili za mama. Miaka mingine yote ilikuwa kabatini, yaani kwenye faili moja la pst ndani ya diski ya zamani.

Kilichoniokoa si akili, ni uvivu. Badala ya kufomati diski ya zamani nilikuwa nimeichomoa nikaweka SSD, yaani diski mpya ya kasi, ya giga 240, ile ya zamani nikaizungushia gazeti nikaitupia kwenye droo. Ningeifomati sa hivi nisingekuwa naandika hapa, ningekuwa natafuta kazi.

Kwaiyo ukiwa bado uko Windows, kabla hujashika flashi ya kuwekea Linux, fungua Outlook uende kwenye mipangilio ya akaunti uangalie pembeni ya anwani pameandikwa nini. Ikiwa ni IMAP au Exchange (seva ya Microsoft, nayo barua zinabaki kulekule), pumua. Ikiwa ni POP, simama hapohapo. Tabo ya pili inakuonyesha mafaili ya data na yanakaa wapi, mara nyingi ni kwenye folda la Documents, ila usiishie hapo, tafuta diski nzima kila kinachoishia na pst kwa sababu Outlook ina tabia ya kuhamishia barua kuukuu kwenye archive.pst na mwenyewe akasahau kabisa. Mama alikuwa nayo mafaili matatu. Matatu! Na moja lilikuwa kwenye desktopu limepewa jina la "usifute".

Kuzitoa mule kuna njia mbili nilizojaribu. Ya kwanza ni hukuhuku Linux, unainstoli kifurushi cha pst-utils, ndani yake kuna amri inaitwa readpst, inaibomoa pst inakuwa mafaili ya mbox, aina ambayo programu nyingine zinaisoma, halafu Thunderbird unaiongezea kinyongeza kinaitwa ImportExportTools NG unaziingiza. Inafanya kazi, sikatai, lakini barua bado zinakaa kwenye mashine ileile moja, ni kabati lilelile limehamia nyumba nyingine. Mimi nilitaka zirudi posta.

Basi nikairudisha diski ya zamani kwenye leptopu, nikawasha Windows nikiwa nimezima waifai, na hili ni la muhimu, maana Outlook ikipata neti itaendelea kuvuta na kufuta kwa POP kama kawaida yake. Nikaiondoa akaunti ya POP (faili la pst halifutiki ukifanya hivo, unalifungua tena kama faili la data tu), nikawasha neti, nikaiongeza anwani ileile kama IMAP, nikaanza kunakili folda moja moja, mwaka kwa mwaka. Nakili, usihamishe, ili ikikatika katikati asili yake ibaki. Na ilikatika kweli, umeme ulienda saa 4 usiku nikiwa kwenye 2019. Kabla ya hapo nilikuwa nishagonga ukuta mwingine, mafaili yote ni giga 6 na kisanduku chake kwenye seva kilipewa giga 2, ikabidi tuombe nafasi iongezwe kwanza. Uliza hilo mapema.

Jumatatu ikaja na lake. Mama hajui paswedi yake, hajawahi kuiandika tangu awekewe, Outlook ndo ilikuwa inaikumbuka, na huku Linux niliiandika mimi. Tukaibadilisha aweke anayoijua mwenyewe, Thunderbird ikaingia vizuri (kwa seva za kawaida za hosti jina la mtumiaji ni anwani nzima, porti ya kupokea ni 993, ya kutuma ni 465, zote kwa SSL). Baada ya dakika kama ishirini hivi ofisi nzima imeili zikagoma. Kila mtu ananiangalia mimi na Linux yangu. Kumbe simu ya mama iko kwenye mkoba, imeunganishwa na waifai ya ofisi, bado ina paswedi ya zamani, inagonga mlango wa seva kila baada ya muda, seva ikaona huyu mwizi, ikaifungia IP, yaani anwani ya intaneti, ya ofisi yote. Namna ya kujua ni rahisi, zima waifai kwenye simu yako tumia bando, zikifunguka kwa bando na zikagoma kwa waifai basi mmefungiwa, wapigie wenye seva wawafungulie. Na ukibadilisha paswedi anza na simu.

Nikadhani yameisha. Akaniita tena. "Watu wangu wako wapi?" Nikamwonyesha orodha ya anwani, watu kumi na moja. Akatikisa kichwa. Anasema yeye alikuwa anaandika herufi mbili tu jina linajitokeza. Yale majina hayakuwa kwenye orodha ya anwani kabisa, ni Outlook ilikuwa inawakumbuka waliowahi kuandikiwa, na kumbukumbu ile haihami yenyewe. Niliponakili folda la zilizotumwa nikawavuna humo mmoja mmoja, kazi ya kuchosha bana, bora ungemkalisha mwenyewe akawahifadhi kabla.

Kama imeili za ofisi yenu ziko Microsoft 365, huduma ya kulipia ya Microsoft, habari ni tofauti kidogo. Barua ziko salama kule, ila paswedi tupu Thunderbird haitaingia, lazima uchague OAuth2, yaani unaingilia kwenye ukurasa wa Microsoft wenyewe, na mara nyingine inakutolea ujumbe kwamba msimamizi aruhusu kwanza, hapo hata uhangaike usiku kucha ni kazi bure, mtafute jamaa wa IT. Kama kalenda ya vikao ndo uhai wako mimi ningeenda na Evolution, programu nyingine ya imeili ya Linux, pamoja na kinyongeza chake cha evolution-ews, inaleta barua na kalenda pamoja. Na ukianza kupokea kiambatisho kinaitwa winmail.dat usidhani ni virusi, mtumaji Outlook yake inatuma kwa mtindo wake wa Rich Text, mwambie aweke HTML.

Mama sasa hivi amezoea, ingawa bado Thunderbird anaiita "Outlook ya bluu" na sijamsahihisha. Ile diski iko palepale kwenye droo na gazeti lake. Wiki iliyopita kaniuliza kama naweza kumpa mtoto wake anayesoma UDOM, chuo kikuu cha Dodoma. Nimemwambia mama, mpaka mkaguzi apite.