Pikipiki iliyolala mwaka haishiki: betri au kabureta?

Kabureta bro, betri mpya mara nyingi haitakusaidia kama hata kwa kiki haishiki. Petroli ikikaa sana inakuwa kama gundi ya kahawia, inaziba ile jeti ndogo, yaani kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, yangu ililala Kisauni miezi 8 nikaishika hiyo jeti juani kwenye tundu sikuona mwanga hata kidogo. Mwaga petroli yote, fungua bakuli la chini ya kabureta, puliza jeti na upepo wa kompresa, sindano usitie utapanua tundu. Ila na hii chumvi yetu ya pwani mulika tangi na tochi kwanza, kama lina kutu lisafishe la sivyo kesho unafungua tena. Na kabla ya kiki toa plagi utie matone mawili matatu ya oili kwenye silinda.