Kabla ya dawa, nani anamshika mtoto?

Swali la wiki la gazeti lilikuwa hili: "Mtoto anayecheua kila akinyonya, mzazi ampe dawa au avumilie tu mpaka mtoto atimize mwaka?" Lililonichoma ni hayo maneno "avumilie tu". Hapa Nairobi anayeambiwa avumilie mara nyingi ni mama ambaye Jumatatu anarudi kazini, na mtoto atabaki mikononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo naomba nijibu swali lililo jirani na hilo: nani atamshika huyo mtoto wima kwa nusu saa kila akimaliza kula?

Nianze na hiyo nusu saa inatoka wapi. Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli unaojifunga na kujifungua, mithili ya mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea ovyo. Umio wenyewe ni mfupi, chakula chote ni majimaji, na mwenyewe anashinda amelala. Maziwa yanapanda tena yakiwa yamechanganyika na asidi. Hali hii huanza kwa kawaida kabla ya wiki 8, hukolea karibu na mwezi wa 4, na watoto 9 kati ya 10 huwa wameachana nayo wakitimiza mwaka.

Sasa iweke hesabu hiyo kando ya Sheria ya Ajira ya 2007, inayompa mama likizo ya miezi 3. Anarudi kazini wakati uleule kucheua kunapopanda kileleni. Mama wa soko la Gikomba mwenye meza yake hana hata hiyo miezi 3. Anayebaki na chupa ni dada wa kazi, shosho (yaani bibi), au mama wa deikea, anayelea watoto wa wengine mchana, mwenye watoto 12 katika chumba kimoja. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Hesabuni wenyewe ni kazini kwa nani mmekiona chumba hicho.

Kuna mama aliyeleta mtoto kliniki moja ya Eastlands kwa chanjo ya wiki ya 10. Nitakaa kwake kidogo, kwa sababu karibu kila kosa linalofanyika katika jambo hili lilikuwa ndani ya mkoba wake. Alitoa themosi, chupa 2 za kunyonyeshea, leso 3 zilizolowa, gripe water, dawa ya maji ya kuzuia kutapika kutoka kwa kemisti, na kapsuli za omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, zilizofungwa kwenye karatasi.

"Sista, huyu hakai na kitu tumboni. Anatapika yote."

Muuguzi wa zamu hakumjibu. Alimvua mtoto nguo, akamweka kwenye mizani: kilo 5.4. Akafungua kitabu cha kliniki: wiki ya 6 alikuwa kilo 4.3. Kilo 1.1 ndani ya siku 28 ni karibu gramu 39 kwa siku, na mtoto wa umri huo akiongeza gramu 25 hadi 30 kwa siku anahesabiwa yuko sawa. Kisha akachukua kijiko kikubwa, akakijaza maji, akayamwaga kwenye leso kavu. Doa likatanuka mpaka likawa kama kisahani cha chai.

"Ni kama hivi?"

"Ndiyo. Wakati mwingine hata haifiki hapo."

"Basi hiyo ni mililita 15, mama."

Hapo ndipo mtu anapoona faida ya lugha yetu kuwa na maneno mawili. Kucheua ni maziwa kuteleza yakitoka bila nguvu, mtoto akiendelea kukutazama. Kutapika ni tumbo kukaza na kusukuma. Yule alikuwa anacheua.

Muuguzi akamwomba amlishe palepale. Chupa ya mililita 180 iliisha kwa dakika 5, badala ya 15 hadi 20. Mtoto alikuwa akigugumia, macho yamemtoka, vidole vya miguu vimenyooka, maziwa yakichuruzika pembeni mwa mdomo. Chupa nyingine ilipopinduliwa, maziwa yalishuka kama uzi, ilhali chuchu ya mtoto mchanga inatakiwa idondoshe takriban tone moja kwa sekunde. Shimo lilikuwa limetobolewa kwa sindano iliyopashwa motoni. Kwa nini? Kwa sababu nyumbani walikuwa wameshauriwa waongeze unga wa wimbi ili maziwa yawe mazito yakae chini, na wimbi likaziba chuchu. Wimbi likaachwa baada ya siku 3 kwa kuwa mtoto alifunga choo. Shimo likabaki.

Baada ya kula, mama alimlaza begani, tumbo la mtoto likibanwa na mfupa wa bega, akampigapiga mgongoni kwa nguvu. Maziwa yakamwagika. Mtoto akaanza kutafuta kwa mdomo, mama akasema ana njaa, akafungua themosi atengeneze mengine.

Muuguzi akamshika mkono, wakapiga hesabu pamoja. Mtoto wa chupa anahitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa saa 24. Kilo 5.4 ni mililita 810, na kwa milo 7 inakuja kama 115 kila mlo. Yeye alikuwa anapewa 180 mara 7, yaani 1,260. Hakuna tumbo la mtoto linaloweza kushikilia hayo. Tena dada wa kazi alikuwa anatia unga wa maziwa kwanza ndipo anajaza maji mpaka mstari wa 180, kwa hiyo maziwa yalikuwa mazito kuliko yanavyotakiwa. Maji ya moto yatangulie, yapimwe kwenye mstari, ndipo unga ufuate kwa kijiko cha kopo lenyewe kilichosawazishwa. Kopo lao lilisema kijiko 1 kwa mililita 30. Na yakishachanganywa, yaachwe yatulie na yapoe. Chupa iliyotikiswa kwa nguvu ina povu, na povu ni hewa itakayopanda na maziwa.

Zile kapsuli zilifunguliwa nyumbani, chembechembe zikasagwa kwa mgongo wa kijiko ziyeyuke kwenye maji. Chembe hizo zina ganda la kuzikinga na asidi mpaka zifike utumboni. Ukizisaga, asidi inaiharibu dawa kabla haijafanya kazi yoyote. Mtoto alikuwa anameza dawa iliyokwisha kufa, na kipimo chake kilikuwa cha kukisia.

Kitu kilichomtisha zaidi yule mama ni kulala. Alikuwa anamlaza ubavu kati ya mito miwili, na kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa kwa tofali, akiogopa mtoto atapaliwa. Muuguzi alichora mistari miwili kwa kalamu nyuma ya kadi: mbele bomba la pumzi, nyuma umio. Mtoto akilala chali, bomba la pumzi liko juu ya umio, na maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda mlima ili yaingie humo. Kisha akaigeuza kadi: akilala kifudifudi, umio uko juu na maziwa yanashuka yenyewe. Kwa hiyo ni chali, godoro tambarare, bila mito. Kitanda cha mteremko hakisaidii. Mtoto anateleza chini na kujikunja, na kidevu kikigusa kifua njia ya pumzi inajibana. Marekani walipiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mteremko wa zaidi ya nyuzi 10 kwa sheria ya 2022, baada ya vifo.

Mama aliondoka na maagizo haya. Chuchu mpya ya mwendo wa polepole. Titi kwanza asubuhi na usiku, kwa kuwa maziwa bado alikuwa nayo. Chupa ishikwe karibu ilale, si kusimamishwa. Ikifika 60 mtoto apumzishwe: akae pajani akiinama mbele kidogo, kiganja kikishika taya bila kugusa koo, asubiriwe mbweu dakika 2 au 3, na isipokuja basi. Nepi ibadilishwe kabla ya kula, maana kuinua miguu tumbo likiwa limejaa ni kulikamua. Baada ya mlo, dakika 20 hadi 30 wima kifuani.

Hapo ndipo alipouliza, "Na nikirudi kazi, nani atamshika nusu saa mara saba?"

Muuguzi alinyamaza. Tuliokuwa pale wote tulinyamaza.

Wiki ya 14 mtoto alirudi na kilo 6.3. Bado alikuwa akicheua mara 3 au 4 kwa siku. Aliyemleta ni shosho yake, na leso ilikuwa begani mwa shosho.

Kwa walezi wa deikea, ambao ndio hasa ningependa wasome hapa, jambo linawezekana likipangwa. Wachanga 2 wasipewe chupa kwa wakati mmoja. Wapishane kwa dakika 40, ili mikono ipatikane. Kiasi na saa viandikwe kwenye karatasi ukutani, la sivyo wa jioni atarudia mlo wa saa tisa. Kumfunga mtoto mgongoni kwa leso mara tu baada ya kula kunalibana tumbo; asubiri. Viti vya kubembea na vya gari ni vilevile, vinamkunja katikati. Na jiko la makaa au sigara ndani ya chumba cha watoto visiwepo.

Kuna ambao kucheua kwao si kucheua. Matapishi ya kijani ni nyongo, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku pia. Vivyo hivyo damu au kitu kama machicha ya kahawa, tumbo lililovimba na kukaza, utosi uliotuna, homa ya 38 kwa aliye chini ya miezi 3, au nepi kavu kwa saa nyingi. Mtoto wa wiki 2 hadi 8 anayerusha matapishi mbali kila baada ya kula kisha anadai tena huenda mlango wa chini wa tumbo lake umeziba. Hilo linatibiwa kwa upasuaji. Kucheua kunakoanza baada ya miezi 6 nako kunahitaji daktari.

Choo kikiwa na damu au kamasi, na ngozi ina ukurutu, pengine ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Mama anayenyonyesha anaweza kuyaacha kwa wiki 2 hadi 4 aone tofauti, kisha ayarudishe ili ajue kweli yalikuwa hayo. Kuacha maana yake ni chai ya maziwa, mala, siagi, hata mandazi ya maziwa. Ya mbuzi si mbadala, protini zake zinafanana. Omena iliyopikwa na mifupa yake itamrudishia kalsiamu.

Nilianza kuandika nikiwa tayari kusema dawa hapana. Na ushahidi upande huo upo: utafiti uliochapishwa 2009 uliwapa watoto 162 ama lansoprazole (dawa ya ukoo mmoja na omeprazole) ama dawa bandia, na kila kundi 54 kwa 100 walipata nafuu, sawasawa. Tena walioipata dawa ya kweli waliugua zaidi mapafu. Dawa hizi zinapunguza asidi, hazizuii maziwa kupanda, kwa hiyo leso zitaendelea kulowa. Kwa dawa za kuzuia kutapika, metoclopramide haifai kabisa chini ya mwaka 1, na domperidone wakaguzi wa Ulaya waliiondoa kwa walio chini ya miaka 12. Ranitidine, dawa nyingine ya kupunguza asidi, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020. Kama bado ipo kabatini kwako, itupe. Gripe water, aliyoianzisha mfamasia William Woodward kule Nottingham mwaka 1851, haizuii maziwa kupanda.

Lakini nikikumbuka swali la yule mama, siwezi kuufunga mlango. Yupo mtoto anayejipinda kama upinde akila, analia na kulikataa titi, na uzito umesimama. Huyo akiandikiwa na daktari, baada ya maziwa na mkao kurekebishwa, apewe. Alginate, dawa inayofanya maziwa yawe mazito tumboni, hujaribiwa wiki 1 hadi 2, peke yake, bila kuchanganywa na maziwa yaliyokwisha kufanywa mazito. Omeprazole hujaribiwa kama wiki 4. Kwa hiyo jibu langu kwa gazeti, ambalo sikulitarajia nilipoanza: anayeongeza uzito na kucheka avumiliwe, anayeumia apewe, na wote wawili washikwe wima. Tena simlaumu mama aliyechoka akitafuta dawa, mradi asiinunue kwa kusimuliwa na jirani.

Atakayeandikiwa dawa aulize mambo mawili kabla hajatoka chumbani: inapewa vipi bila kusagwa, na inaachwa tarehe gani. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kitabu cha kliniki, pembeni ya uzito wa siku hiyo, ili atakayempima tena ajue alinganishe na nini.