Kujitolea Moshi ukitokea Kenya: shida ni kwamba mnaelewana

Siku yangu ya kwanza kazini Moshi, Tanzania, nilisimama mbele ya akina mama ishirini na kitu, nikawaamkua, nikasema nimetoka Kenya na nimekuja kujitolea kusaidia hesabu za chama chao. Kimya. Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango akajifunga khanga vizuri, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, hapa hatufanyi siasa."

Kwetu chama ni kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Huku ukisema chama, watu wanafikiria kadi na bendera. Chao kinaitwa kikoba. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi kabla ya kuvuka mpaka pale Holili, lakini si kwa hilo, na tangu hapo nimeona kuwa ndilo tatizo kubwa la Mkenya anayekuja kujitolea huku. Mjerumani akikosea neno watu wanacheka naye, wanamfundisha, wanampigia makofi. Wewe ukikosea huonekani mgeni. Unaonekana huna adabu.

Mwezi mzima nilikuwa naingia mgahawa mmoja karibu na mnara wa saa na kusema, "Leta chai na chapati mbili." Binti alileta, akaweka mezani, akaondoka bila neno. Nikadhani ndivyo alivyo. Siku moja nilikwenda na mama mwenye nyumba wangu, akanisikiliza nikiagiza, akasubiri binti aondoke. "Mbona unaongea kama polisi?"

Basi jifunze "naomba" kabla ya jambo lingine lolote. Naomba chai, naomba kupita, naomba kuuliza. Hata kama unalipa. Na shikamoo, ambayo wengi wetu wa bara tuliiacha kwenye vitabu vya shule, huku ni ya kila asubuhi. Mpe yeyote anayeweza kuwa mzazi wako, usubiri marahaba yake, kisha muulizane habari za nyumbani, ndipo useme kilichokuleta. Ukiruka hapo ukaenda moja kwa moja kwenye shida yako utajibiwa, ila utajibiwa kile ulichouliza tu.

Makaratasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake Arusha, na mkataba wake ulisainiwa hapo hapo mwaka 1999, kwa hiyo nilijiambia mimi ni mwenyeji nusu. Ni kweli hatuhitaji viza kuingia. Lakini kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni lingine, na kujitolea nako kunahesabiwa kazi. Kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji (wanaojitolea huwa daraja C), na masuala ya kazi kwa wageni yako kwa Kamishna wa Kazi. Shirika lililonialika, ambalo sitalitaja, liliniandikia kuwa "kila kitu kinashughulikiwa". Nilipofika hakuna aliyekuwa amejaza hata fomu. Wiki saba nilikaa nyumbani nikila akiba yangu na kuutazama Mlima Kilimanjaro asubuhi kabla haujafunikwa na mawingu. Usipande basi kabla hujaambiwa ni nani anashughulikia kibali chako na kimefikia wapi. Ukijibiwa "usijali", jali.

Nyumba nilipata Rau kwa dalali. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka, na dalali naye ana chake, kwa hiyo pesa uliyotenga kwa mwezi wa kwanza haitoshi. Uliza kama mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine. Mimi sikuuliza. Jirani yangu alikuwa na friji mbili za kuuzia juisi. Kisha nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa hata kama hakuna aliyekutuma, maana siku utakapohitaji barua yake utashukuru kwamba anakujua sura. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole, nenda na pasipoti. Na ukibadilisha pesa usidanganywe na sifuri: shilingi yetu moja inakupa nyingi za hapa, unatembea Soko la Mbuyuni kama tajiri, na kufikia tarehe ishirini umerudi kwenye makande. (Ndiyo, ni githeri. Usibishane.)

Kazi yenyewe ilinishushua kwa namna nyingine. Nilikuja na kompyuta na jedwali nililolitengeneza kwa siku tatu. Kikoba kile kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanazo akina mama watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Mkutano unaanza kwa swali la mwenyekiti: "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Wote wanajibu kwa pamoja, hadi shilingi ya mwisho, kisha sanduku linafunguliwa na pesa inahesabiwa mbele ya macho yao. Jedwali langu lilikuwa linajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Baadaye nikakumbuka niko wapi: watu hawa wana ushirika wa kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933. Mimi nimekuja kuwafundisha kuweka hesabu za pamoja!

Nilifunga kompyuta. Miezi miwili nilikaa tu, nikihesabu sarafu nilipoombwa. Mwezi wa tatu mweka hazina mwenyewe akaniuliza kama naweza kumsaidia na riba za mikopo, maana zile zilikuwa zinamchanganya. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na faida.

Upweke sitauficha. Jumapili ni ndefu. Desemba mji unafurika, Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, kila mtu ana kwao huko mlimani na wewe huna. Ukiweza kwenda nyumbani Krismasi, nenda.

Ila usiukimbie msiba. Mama yake mwenye nyumba wangu alipofariki, nilitoa rambirambi nikaandikwa kwenye daftari, nikadhani nimemaliza. Mweka hazina akanipigia simu: "Uko wapi? Tuko Uru, tunamenya ndizi." Nikapanda daladala. Nikawakuta kihambani, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba, wameketi kwenye vigoda kuzunguka rundo la ndizi mbichi lililonifika magotini. Hakuna aliyenikaribisha kwa maneno. Bibi yule wa siasa akasogea kidogo kunipa nafasi, akanipa kisu.

Nilimenya hadi jioni. Ndizi mbichi zina utomvu unaogeuza vidole kuwa vyeusi kama grisi, na sabuni haiutoi. Nilienda kazini na mikono ile siku nne. Wenzangu wote walikuwa wamejipaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kushika kisu. Mimi niliambiwa baadaye.