Kuhesabu kwa vidole si ugonjwa

Dada, unasema mwalimu anadai mtoto wako wa miaka 8 ana diskalkulia, yaani shida ya kudumu ya kujifunza hesabu, kwa sababu anahesabu kwa vidole. Hilo peke yake halitoshi kumbandika jina hilo, hata kama aliyesema ni mwalimu wake. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ambao wataalamu wa afya ya akili huutumia kutambua matatizo kama haya, unataka shida iwe imedumu angalau miezi 6 licha ya mtoto kupewa msaada unaolenga shida hiyohiyo. Je, amepewa? Wengi hukwama hapo tu: alikosa siku mbili tatu za kutoa kwa kukopa, darasa likasonga, naye akabaki.

Mimi ningemjaribu hivi. Weka vifungo 3 mezani, muulize ni vingapi. Akilazimika kugusa kimoja kimoja, au akisita sana kusema ipi kubwa kati ya 7 na 9, basi mpeleke kwa mwanasaikolojia wa elimu. Macho na masikio yapimwe kwanza, maana asiyeona ubao atanakili hesabu nyingine kabisa (nimeliona hilo kwa macho yangu). Na hofu usiidharau. Kuna anayejua jibu nyumbani, akipewa karatasi ya mtihani linayeyuka.

Vidole mwachie kwa sasa, vinamsaidia.