Maswali ya Wasomaji: Bangi halali jimboni, haramu kwa serikali kuu

Colorado na jimbo la Washington zilipiga kura ya kuiruhusu bangi kwa watu wazima Novemba 2012. Kufikia mwisho wa 2024, majimbo ya Marekani yaliyokwisha kufanya hivyo yalikuwa 24, pamoja na mji mkuu wenyewe. Barua tulizozichagua mwezi huu zote zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani.

Hapa Ohio tuliiruhusu bangi kwa kura Novemba 2023, na maduka yakaanza kuwauzia watu wazima Agosti 2024. Rafiki yangu anashikilia kwamba bado ni kosa la jinai nchi nzima. Nani mkweli? – Msomaji, Columbus

Nyote wawili. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1970 iliiweka bangi daraja la kwanza, safu moja na heroini, na hakuna kura ya jimbo inayoweza kuifuta sheria ya Kongresi. Chini ya sheria hiyo, kukutwa na bangi kwa mara ya kwanza kunaweza kukuletea kifungo cha hadi mwaka 1 na faini isiyopungua dola 1,000. Mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales dhidi ya Raich, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali kuu inaweza kumzuia hata mgonjwa wa California anayeotesha bangi yake mwenyewe nyumbani kwa ajili ya tiba.

Lakini mahakama hiyo hiyo ilishaamua mwaka 1997, katika kesi ya Printz, kwamba serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maofisa wa jimbo watekeleze sheria zake. Polisi wa Columbus wakiacha kukamata, maofisa wa serikali kuu hawatoshi kufukuzia kila msokoto. Maduka yanaishi katika upenyo huo. Yanavumiliwa tu, na uvumilivu una tabia ya kubadilika. Agosti 2013 Wizara ya Sheria ilitoa waraka wa kuyaachia majimbo nafasi. Januari 2018 Jeff Sessions, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, akaufuta kwa waraka mwingine. Kinga iliyoandikwa kisheria ni kifungu cha bajeti kilichoanza Desemba 2014, kinachoikataza wizara hiyo kutumia fedha kupambana na mipango ya majimbo ya bangi ya tiba. Kifungu hicho huhitaji kurudiwa kila bajeti, na bangi ya starehe hakiigusi kabisa.

Kwa hiyo angalia umesimama wapi. Hifadhi za taifa, posta, mahakama za serikali kuu na nyumba za ruzuku yake: huko sheria ya Ohio haikufuati. Hata ukitoka Michigan kuja Ohio, majimbo yote mawili yakiwa yameruhusu, kuvuka mpaka na mzigo huo ni kosa la serikali kuu.

Kwa nini sisi wa Texas hatuletewi kura hii kama wenzetu? – Houston

Kwa sababu katiba ya Texas haiwapi wananchi njia ya kukusanya saini na kupeleka sheria ya jimbo zima kwenye sanduku la kura. Georgia, Tennessee na Pennsylvania ni hivyo hivyo. Kwenu njia ni bunge la jimbo. Inawezekana: bunge la Vermont liliruhusu kumiliki bangi mwaka 2018, na Illinois ilianza kuuza tarehe 1 Januari 2020 kwa sheria iliyotungwa na wabunge.

Kwenye majimbo yenye njia ya saini, mlolongo wenyewe hauna fumbo. Muswada huandikwa, maofisa wa jimbo hukagua kichwa na maelezo yake, saini za wapiga kura waliojiandikisha hukusanywa na kuhakikiwa, kisha watu hupiga kura. Wakusanyaji wenye uzoefu huleta saini nyingi kuliko zinazotakiwa, kwa kuwa nyingi hukatwa: anwani haioani, mtu kasaini mara mbili, au hakujiandikisha.

Mambo huharibika pale ambapo kampeni haikutazama. South Dakota, mwaka 2020, wapiga kura waliikubali bangi, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ikatupa matokeo kwa sababu marekebisho yale ya katiba yalichanganya zaidi ya jambo moja. Mississippi ilikuwa mbaya zaidi. Katiba yake ilisema hakuna wilaya ya uchaguzi wa Kongresi inayoweza kutoa zaidi ya moja ya tano ya saini. Sheria hiyo iliandikwa jimbo likiwa na wilaya 5. Baadaye likabaki na 4. Wilaya 4 zikitoa moja ya tano kila moja unapata nne ya tano, basi. Mei 2021 mahakama ikaifuta kura ya bangi ya tiba iliyokwisha kushinda kwa kishindo. Florida nayo inataka asilimia 60 kwa marekebisho ya katiba. Mwaka 2024 bangi ilipata karibu 56 na ikashindwa. Na Ohio mwaka 2015 watu waliikataa kwa sababu, pamoja na mengine, muswada ulikuwa unawagawia wafadhili wa kampeni haki ya kulima katika maeneo 10 tu.

Uliza pia kama kinachopigiwa kura ni marekebisho ya katiba au sheria ya kawaida. Ya katiba, wabunge hawaigusi bila kurudi kwa wananchi. Sheria ya kawaida kama ile ya Ohio ya 2023, bunge linaweza kuibadili. Mijadala ya redioni hubishania kama bangi ni dhambi au ni dawa, na vifungu vinavyoamua maisha ya watu havisomwi: gramu ngapi, kama mtu anaweza kuotesha nyumbani (jimbo la Washington hairuhusiwi kwa starehe), kama mji unaweza kukataa maduka, na kama rekodi za waliokamatwa zamani zitafutwa au watajijua wenyewe. Hili la mwisho tunalipa uzito. Ripoti ya 2020 ya ACLU, shirika la kutetea haki za raia, ilionyesha kwamba Wamarekani weusi walikamatwa kwa kumiliki bangi karibu mara 3.6 zaidi ya weupe, ilhali matumizi yao yanakaribiana.

Nina grini kadi na niko karibu kuomba uraia. Duka la bangi lenye leseni hapa Denver linataka kuniajiri kuwa keshia. Mimi mwenyewe sivuti. Kuna tatizo? – Dada wa Denver

Lipo, dada, na ni kubwa. Usisaini mkataba huo kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, na leseni ya Colorado haina maana mbele yake. Mwongozo uliotolewa Aprili 2019 na idara inayoshughulikia uraia unasema kwamba kujihusisha na bangi, ikiwa ni pamoja na kufanya kazi katika biashara yake, kunaweza kukuangusha kwenye kipimo cha mwenendo mwema hata kama jimbo limeruhusu. Kipimo hicho hutazama miaka 5 kabla ya ombi, au 3 ikiwa unaomba kupitia mume au mke aliye raia. Tena keshia hawi mtumiaji. Machoni pa sheria hiyo ni mshiriki katika kuuza, na kuuza kuna adhabu kali kuliko kuvuta. Anayedhani kwamba kutovuta kunamwokoa amekosea mlango.

Kwa wasomaji wengine wenye grini kadi wanaotumia, kuna mitego mitatu inayonasa watu wasio wahalifu hata kidogo.

Kwanza, kukiri. Huhitaji kuhukumiwa na mahakama ili ukataliwe. Ukimweleza ofisa kwa kirefu kwamba ulinunua na kuvuta, maelezo yako yenyewe yanaweza kuhesabiwa kuwa ungamo la kosa. Dawa yake si uongo, kwani kumdanganya ofisa ni kosa la peke yake. Sema ungependa kuzungumza na wakili kwanza. Na usibebe kadi ya mgonjwa wa bangi, risiti za duka, wala picha simuni.

Pili, gramu 30. Sheria ina msamaha: aliyehukumiwa mara moja tu kwa kumiliki bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake hafukuzwi nchini kwa kosa hilo. Watu husikia hapo wakaishia hapo. Msamaha huo unamlinda akiwa ndani. Akisafiri kwenda kuzika au kuoa kisha akarudi, uwanja wa ndege anapimwa kwa kanuni za kuingia, na kanuni hizo hazina msamaha wa moja kwa moja. Kuna ombi maalumu la kusamehewa, lakini linataka wakili, vielelezo na muda. Ulizia kabla ya kukata tiketi.

Tatu, rekodi iliyofutwa. Missouri, kwa kura ya 2022, imefuta makosa ya bangi ya watu zaidi ya 100,000 bila wao kuomba. Kwa mwajiri na mwenye nyumba, jambo hilo ni kubwa. Kwa uhamiaji, hukumu iliyofutwa kwa huruma au kwa sababu sheria imebadilika kwa kawaida huhesabiwa bado ipo. Inayotambuliwa ni ile iliyotenguliwa kwa kasoro ya kesi yenyewe, mfano mshtakiwa hakuelezwa na wakili wake athari za uhamiaji. Tunza nakala za mahakama hata baada ya kufutwa. Utaulizwa, na karani anaweza kuwa hana tena.

Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza kuitoa bangi daraja la kwanza na kuipeleka la tatu. Wengi walituandikia wakishangilia. Sheria ya uhamiaji inataja dawa iliyodhibitiwa katika daraja lolote kati ya 5, kwa hiyo kuhama daraja peke yake hakuondoi neno hata moja kati ya tuliyoandika hapo juu.

Naendesha lori kutoka Minneapolis. Daktari amenisajili kwa bangi ya tiba kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Nikivuta siku ya mapumziko tu, si niko salama? – Dereva

Hapana, kaka. Kipimo cha madereva wa leseni ya kibiashara ni cha serikali kuu na hutafuta mabaki ya THC, ile kemikali inayolewesha, katika mkojo: nanogramu 50 kwa mililita kwenye kipimo cha kwanza, 15 kwenye cha uthibitisho. THC hujificha katika mafuta ya mwili, hivyo mvutaji wa mara kwa mara anaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Daktari anayepitia matokeo haruhusiwi kuipokea kadi yako kuwa sababu. Mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolewesha, nayo si utetezi. Kuna chupa zenye THC ambayo lebo haikuitaja.

Ukipatikana, unaondolewa kwenye usukani siku hiyo hiyo na jina linaingia katika daftari la taifa la madereva. Tangu 18 Novemba 2024 jimbo linatakiwa pia kukushushia leseni ya kibiashara. Kurudi kunapitia kwa mtaalamu wa ulevi aliyeidhinishwa, mafunzo au matibabu atakayoagiza, kipimo cha kurejea kazini ukiangaliwa, kisha vipimo visivyopungua 6 katika miezi 12 ya mwanzo. Rekodi hukaa miaka 5, au zaidi kama hujamaliza mlolongo. Kukataa kupimwa huhesabiwa sawa na kupatikana. Sheria za majimbo zinazowalinda wafanyakazi wanaovuta nje ya kazi haziwafikii madereva wa vipimo hivi. Mwambie daktari wako kazi unayofanya. Dawa nyingine za mgongo zipo.

Wanatuambia kodi ya bangi itajenga shule. Tuamini? – Msomaji

Kiasi. Colorado kweli ilielekeza sehemu ya ushuru wake kwenye ujenzi wa shule. Ila kiwango kina kona zake. Jimbo la Washington linatoza asilimia 37 dukani, Missouri 6. Ukitoza sana, na miji mingi ikikataa maduka kama California, mteja anarudi kwa muuzaji wa mtaani. Ukilegeza sana unapata Oklahoma: leseni ya bangi ya tiba dola 2,500, bila ukomo wa idadi. Mashamba yakafurika, mzigo ukavuja majimbo mengine, na 2022 jimbo likasitisha leseni mpya.

Kuna mzigo mwingine ambao wanasiasa hawautaji. Kifungu cha 280E cha kodi, cha 1982, kinamkataza muuza dawa za daraja la kwanza na la pili kutoa gharama zake, isipokuwa bei ya kununulia bidhaa. Chukua duka lililouza bidhaa za dola 1,000,000, bidhaa zikigharimu 600,000, kodi ya jengo na mishahara 300,000. Faida ya kweli ni 100,000. Serikali kuu inatoza asilimia 21 ya 400,000, yaani 84,000. Mwenye duka anabakiwa na 16,000 kabla jimbo halijachukua lake. Hapo kuhamia daraja la tatu kungebadilisha kila kitu, na ndiyo maana wenye maduka wanaipigania hoja hiyo kuliko mtu yeyote.

Mkwe wangu huweka peremende za bangi kwenye friji, na kuna wajukuu wawili wadogo. Naogopa. – Bibi

Shikamoo, bibi. Hofu yako ina msingi. Vituo vya sumu vya Marekani viliripotiwa watoto 207 wa chini ya miaka 6 waliokula bangi mwaka 2017. Mwaka 2021 walizidi 3,000. Colorado, kwa mfano, peremende moja huwa na miligramu 10 za THC na pakiti nzima 100. Mtu mzima mgeni huanza na 2.5 au 5. Mtoto anamaliza pakiti kwa sababu ni tamu.

Zitoke kwenye friji leo, ziingie kwenye kasha lenye kufuli, juu, katika pakiti yake ya asili. Zikishaliwa, athari huchukua dakika 30 hadi saa 2 kuonekana, kwa hiyo usisubiri dalili: piga 1-800-222-1222, bure, saa 24. Akisinzia vibaya, akiyumba, au akipumua kwa shida, piga 911. Usimtapishe. Mwambie daktari ukweli bila kuona haya, la sivyo watampima mtoto kwa kila ugonjwa wa ubongo wanaoujua, na uende na pakiti ili wasome miligramu.