Mteja akikwambia "mimi hiyo haiwezi kunishika"

Nyie mnaoanza kazi ya ushauri nasaha huku Mtwara na mmefundishwa hipnosi, yaani kumtuliza mtu na kumwongoza kwa maneno, jiandaeni kuisikia kauli hiyo mara kwa mara. Mmoja ataitoa kwa fahari, akiamini wanaoshikwa ni watu wa akili nyepesi. Mwingine ataitoa kwa hofu, maana ameona video ya mtu akiangushwa jukwaani, au anahisi kuna majini ndani yake. Msibishane naye. Muulizeni kwanza: ikikushika, unategemea itakuwaje?

Jibu lake ndilo kazi yenu ya siku hiyo. Wengi wanategemea kuzimika kabisa, kama mtu aliyepigwa nusukaputi, wazinduke bila kukumbuka kitu. Lakini hipnosi si usingizi. Akili inatulia kwenye jambo moja, na mtu anakubali kuifuata picha anayopewa.

Mzee mmoja, mvuvi wa Mikindani, alikuja kwangu na maumivu ya mgongo ambayo hospitali walishayachunguza. Nilimwambia anyooshe mkono, afumbe macho, aone ameshika ndoo iliyojaa maji. Mkono ukaanza kushuka kidogo kidogo, vidole vinatetemeka, mpaka ukatua pajani. Tulipomaliza akasema, "Mwanangu, mbona sikulala? Hata bajaji iliyopita hapo nje nimeisikia."

"Na mkono, mzee, uliushusha mwenyewe?"

Akautazama. "Hapana. Umeshuka wenyewe."

Hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta: jambo limetokea mwilini mwake, naye haoni kama amelifanya kwa kukusudia. Bajaji kusikika hakuharibu chochote.

Ila kuna wanaofundisha kwamba kila mtu anaweza kushikwa na hipnosi, mtaalamu tu awe hodari. Hilo nalo si kweli, na linawaumiza wateja. Mwaka 1959 André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kipimo cha jinsi mtu anavyoshikwa kirahisi na hipnosi, chenye vipengele 12. Toleo la 1962 lina kipengele cha mtu kuambiwa kuna mbu anamzonga, wakati hakuna mbu. Kwa huku kwetu, hakikisheni kwanza chumbani hamna mbu wa kweli. Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba watu wengi wako katikati, wachache wako juu sana, na wachache wako chini sana. Tena hali hiyo haibadiliki ovyo: kuna waliopimwa upya baada ya miaka 25, na wengi hawakuwa mbali na pale walipokuwa. Kuwa juu si ujinga wala unyonge wa moyo, na kuwa chini si ukaidi.

Kwa hiyo mkimpata wa chini kabisa, msimwambie "unakataa mwenyewe". Anakuwa amejitahidi, na maneno hayo yatamrudisha nyumbani akiwa na mzigo wa pili. Mwelezeni kwamba njia hii haimfai sana, kisha hamieni kwenye kupumua taratibu, kulegeza misuli, au mazungumzo ya kawaida. Na dawa alizoandikiwa na daktari aendelee nazo.